Tusihesabu Waliofika Tu, Tuhesabu na Waliopata Nafuu

*Hotuba kwa wajumbe wa kamati za parokia na wafadhili kuhusu kuboresha tiba ya mazungumzo kwa wagonjwa wa nje*



Mada tuliyopewa ni namna ya kuinua ubora wa tiba ya mazungumzo kwa wagonjwa wa nje, yaani wale wanaofika zahanati, wakakaa na mshauri kwa muda wa saa moja hivi, kisha wakarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Ni huduma isiyohitaji mashine wala chupa za dawa. Vifaa vyake ni chumba, viti viwili, mshauri aliyefundishwa, na muda. Kwa sababu hiyo wengi huiona kama huduma isiyopimika. Husikika watu wakisema, "Mtu akishazungumza na mwenzake amesaidika, kuna nini tena cha kupima?"

Leo tunapenda kuonyesha mambo mawili. Kwanza, huduma hii inapimika, tena kwa karatasi moja na kalamu. Pili, isipopimwa, wapo watu wanaoumia mbele ya macho yetu bila sisi kujua. Ninyi mnaokaa katika kamati na ninyi mnaotoa fedha mna uwezo mkubwa wa kurekebisha jambo hili, kwa sababu ninyi ndio mnaoamua zahanati zitaje nini katika taarifa za kila robo mwaka.

Je, tiba hii inaponya?

Swali hili wafadhili huliuliza mara kwa mara, na ni haki yao. Jibu tunalo kutoka kwa majirani zetu.

Mwaka 2002 katika wilaya za Masaka na Rakai nchini Uganda, sehemu zilizokuwa zimepigwa sana na UKIMWI, watafiti wakishirikiana na shirika la World Vision walichagua vijiji 30. Kabla ya kuleta tiba yoyote waliwauliza wenyeji wanauitaje ugonjwa wa huzuni inayomlemea mtu. Wenyeji walitaja hali mbili kwa lugha yao: *yo'kwekyawa*, yaani kujichukia, na *okwekubazida*, yaani kujionea huruma. Kisha katika nusu ya vijiji wenye sonona walikutana katika vikundi mara moja kwa wiki, dakika 90, kwa wiki 16. Viongozi wa vikundi walikuwa wenyeji wanaozungumza Kiganda, waliofundishwa kwa wiki mbili. Hawakuwa madaktari. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003. Mwishoni mwa tiba, waliobaki na sonona katika vikundi walikuwa asilimia 6.5. Katika vijiji ambavyo havikupata tiba hiyo walikuwa asilimia 54.7.

Nchini Zimbabwe, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianzisha mwaka 2006 huduma inayojulikana kama Benchi la Urafiki katika mtaa wa Mbare, jijini Harare. Washauri ni akina bibi, wahudumu wa afya wa mitaani, wanaokaa na mgonjwa kwenye benchi la mbao nje ya zahanati. Hali wanayoitibu huitwa kwa Kishona *kufungisisa*, yaani kuwaza kupita kiasi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 uliwahusisha watu 573 katika zahanati 24. Baada ya miezi sita, wenye dalili za sonona miongoni mwa waliopewa huduma ya benchi walikuwa asilimia 13.7, na miongoni mwa waliopata huduma ya kawaida asilimia 49.9.

Hapa Afrika Mashariki tena, jijini Nairobi, utafiti uliochapishwa mwaka 2017 uliwahusu wanawake 421 waliokuwa wamepatwa na ukatili wa kijinsia. Wahudumu wa afya ya jamii waliwaona kwa vikao vitano tu, na waliopata vikao hivyo walipungukiwa na mateso ya moyo kuliko wenzao waliopata huduma ya kawaida.

Hivyo basi hakuna sababu ya kutilia shaka kwamba mtu wa kawaida, akifundishwa vizuri, anaweza kumsaidia mwenzake mwenye sonona. Lakini tuangalie kwa makini. Katika kazi zote hizo tatu, pamoja na mazungumzo, yalikuwepo mambo matatu: hali ya mgonjwa ilipimwa, wagonjwa walifuatiliwa, na washauri walisimamiwa. Mara nyingi tunaponakili miradi kama hii tunanakili chumba na viti, na hayo matatu tunayaacha nyuma.

Hesabu inayoficha

Taarifa nyingi za huduma ya ushauri zina mstari mmoja unaosema: "Mahudhurio ya robo hii." Tuchukue mfano wa kubuni. Zahanati ya kwanza iliwapokea watu 200, kila mmoja akafika mara moja na hakurudi tena. Zahanati ya pili iliwapokea watu 40, kila mmoja akafika mara tano akamaliza tiba yake. Zahanati zote mbili zitaandika "mahudhurio 200". Mfadhili aliye mbali akisoma karatasi hizo mbili hataona tofauti yoyote. Tena ile ya kwanza ikiongeza maneno "watu wapya 200", itasifiwa zaidi.

Hao 200 wamekwenda wapi? Huenda wengine walipata nafuu kwa kikao kimoja. Wengine walikata tamaa wakisema, "Nimejaribu hata ushauri, haukunisaidia." Mtu wa namna hiyo yuko katika hatari kubwa kuliko alivyokuwa kabla ya kuja, maana sasa amefunga mlango mmoja. Taarifa ya mahudhurio humhesabu kama mafanikio.

Jambo la kwanza: kuuliza kila kikao

Lipo dodoso fupi linalojulikana kama PHQ-9. Lina maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita: usingizi, hamu ya kula, uchovu, huzuni, kukosa furaha katika mambo ambayo zamani yalimfurahisha mtu, na mengineyo. Kila swali hupewa alama kuanzia 0 hadi 3, hivyo jumla ni kati ya 0 na 27. Alama 10 au zaidi huashiria kwamba huenda mtu ana sonona inayohitaji tiba. Alama zikishuka kwa 5 au zaidi, hayo ni mabadiliko ya maana. Dodoso hili hutumika bila malipo, limetafsiriwa kwa Kiswahili na limefanyiwa majaribio Kenya na Tanzania. Asiyejua kusoma husomewa, na kazi yote huchukua dakika chache tu.

Mshauri mzoefu anaweza kuuliza, "Mimi namwona mteja wangu kila wiki. Karatasi ya nini?" Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2005 huko Marekani, Michael Lambert na wenzake waliwaomba washauri wabashiri ni wateja gani kati ya 550 watakaomaliza tiba wakiwa na hali mbaya kuliko walivyoanza. Washauri walitaja watatu. Kwa kweli waliozidiwa walikuwa 40, na kati ya wale watatu waliotajwa ni mmoja tu aliyekuwa miongoni mwao. Hao walikuwa watu waliosomea kazi hiyo. Moyo wa mtu anayependa kusaidia huona nafuu hata pale isipokuwepo. Na mteja naye, kwa adabu, husema "naendelea vizuri" ili asimvunje moyo mtu aliyemtendea wema. Sote tunajua jinsi salamu zetu zinavyotaka jibu la "nzuri" kabla ya jambo lolote lingine. Maswali tisa humpa mtu ruhusa ya kusema ukweli baada ya salamu.

Uingereza ilipoanzisha mpango wake wa kitaifa wa tiba ya mazungumzo mwaka 2008, iliagizwa kwamba hali ya mteja ipimwe kila kikao. Sababu yake ni ya busara. Ukipima siku ya kwanza na siku ya mwisho tu, aliyeacha katikati hatakuwa na kipimo cha mwisho, na mara nyingi yeye ndiye ambaye hakupata nafuu. Ukimwacha nje ya hesabu, huduma yako itaonekana nzuri kuliko ilivyo. Ukipima kila kikao, hata aliyeacha anabaki katika hesabu kwa kipimo chake cha mwisho.

Swali la tisa la dodoso hilo huuliza kama mtu amekuwa akifikiri ni afadhali afe, au akifikiri kujidhuru. Mshauri asilirukie swali hili kwa kuona aibu. Kumuuliza mtu kwa upole hakumpi wazo hilo. Humpa nafasi ya kulitoa nje. Lakini kila zahanati inayotumia dodoso lazima iwe imekwisha kuandika hatua za kufuata jibu likiwa "ndiyo": nani aitwe, mteja akae na nani, vitu vya hatari nyumbani viondolewe vipi, hospitali ipi apelekwe, na nauli itoke mfuko gani. Kuuliza bila kujiandaa kwa jibu si haki.

Jambo la pili: kuwafuata wasiorudi

Utafiti uliokusanya matokeo ya tafiti 669 na kuchapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba karibu mtu mmoja kati ya watano huacha tiba ya mazungumzo kabla ya wakati. Kwa upande wetu vijijini sababu hazihitaji kutafutwa mbali. Nauli ya bodaboda. Msimu wa kupanda. Mgonjwa mwingine nyumbani. Mume anayeuliza, "Unakwenda kuzungumza nini huko kila wiki?" Foleni ya asubuhi nzima. Mshauri aliyehamishwa, na mteja kulazimika kuanza kusimulia upya msiba wake kwa mtu mgeni.

Baadhi ya sababu hizo hatuziwezi. Nyingine tunaziweza kabisa. Siku ya ushauri ikiwa siku ya soko, mtu hupata safari moja kwa shughuli mbili. Mteja akipangiwa saa yake, hakai kwenye foleni ya malaria. Akibaki na mshauri mmoja mpaka mwisho, harudii mwanzo. Akiambiwa tangu siku ya kwanza kwamba vikao ni vitano au sita na vina mwisho, hujipanga, na hata mwenzi wake nyumbani huelewa. Aidha, katika kikao cha kwanza aombwe ruhusa: "Usipofika, tukupigie simu? Namba ipi ni salama? Tukipokewa na mtu mwingine tuseme nini?" Asiyetaka kupigiwa aheshimiwe.

Wenzetu wa Uingereza walipochambua takwimu za vituo vyao, katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018, waliona kwamba vituo ambavyo watu hawakusubiri sana, hawakukosa miadi mara nyingi, na walipata vikao vya kutosha, ndivyo vilivyokuwa na waliopona wengi zaidi. Hayo ni mambo ya utaratibu, ambayo kamati ya parokia inaweza kuyashughulikia bila kusubiri mtaalamu kutoka mbali.

Jambo la tatu: kumsimamia mshauri

Hapa ndipo tunapoomba wafadhili watusikilize kwa makini zaidi. Kila bajeti ina fungu la mafunzo. Ni bajeti chache zenye fungu la yale yanayofuata baada ya mafunzo. Mshauri hupewa semina ya wiki mbili na cheti, kisha anarudi kijijini kukaa peke yake na vilio vya watu mwaka mzima. Baada ya miezi michache anaanza kuacha hatua alizofundishwa. Anaanza kutoa mawaidha badala ya kusikiliza. Au mizigo ya watu inamlemea, naye anaanza kuchoka na kuchelewa.

Usimamizi shirikishi maana yake ni kwamba washauri wa eneo moja wanakutana na mtu mwenye ujuzi zaidi, mara moja kwa wiki au kila baada ya wiki mbili, wakiwa na zile karatasi za alama. Hawaanzi na wateja wanaoendelea vizuri. Wanaanza na wale ambao alama hazishuki au zinapanda. Wanaulizana: tumeelewa shida yake? Kuna ukatili nyumbani? Anakunywa pombe? Anahitaji dawa? Apewe rufaa?

Ipo njia nyingine ya kupima ustadi wa mshauri bila kuingia katika chumba cha mteja. Mwenzake mmoja anaigiza kuwa mgonjwa, na msimamizi anatazama akiwa na orodha mkononi: je, mshauri amesikiliza bila kukatiza? Ameeleza habari ya siri? Ameuliza kuhusu hatari ya kujidhuru? Ametumia maneno ambayo mgonjwa mwenyewe anayatumia? Shirika la Afya Duniani na UNICEF wameandaa vifaa vya namna hiyo katika mpango unaoitwa EQUIP, navyo hupatikana bure. Mwongozo wa tiba ya vikundi iliyojaribiwa Uganda, pamoja na ule wa vikao vitano uliotumika Nairobi, Shirika hilo liliitoa mwaka 2016, nayo pia ni bure. Kinachohitaji fedha ni muda wa msimamizi na nauli yake. Tukilazimika kuchagua kati ya chumba kipya cha ushauri na msimamizi wa mwaka mzima, tuchague msimamizi. Benchi la mbao chini ya mti lilitosha Harare.

Siri, na nafasi ya kamati

Ndugu wajumbe wa kamati, tunaomba tuseme hili kwa heshima. Mradi ni wa parokia, na ni haki yenu kujua unavyokwenda. Lakini haki hiyo inaishia kwenye hesabu. Haifiki kwenye majina. Mjumbe akimuuliza mshauri, "Yule mama wa kigango chetu siku hizi anakuja kwenu?" mshauri hana ruhusa ya kujibu ndiyo wala hapana, hata kama mjumbe anauliza kwa nia ya kumwombea au kumsaidia chakula. Neno moja likivuja, halimuumizi mama yule peke yake. Kijiji kizima kinajifunza kwamba chumba kile hakina mlango.

Kwa hiyo tunaomba kamati zisimamie mambo machache. Kabati la kumbukumbu liwe na kufuli, na ufunguo uwe kwa mshauri. Karatasi za alama ziandikwe namba badala ya jina. Chumba kisiwe na kibao cha "Wagonjwa wa Akili", na mlango wake usitazamane na benchi la wanaosubiri. Mteja naye aelezwe tangu mwanzo kwamba siri ina mpaka mmoja: maisha yake au ya mtu mwingine yakiwa hatarini, mshauri atatafuta msaada, na atamwambia kabla ya kufanya hivyo.

Wengine wametuuliza kama huduma hii inachukua nafasi ya sala. Hapana. Anayetaka kusali asali, na anayetaka kumwona padri amwone. Tunachoomba ni kwamba mtu mwenye sonona asiambiwe kuwa imani yake ni haba, na kwamba anayesikia sauti zisizokuwepo, au aliyeacha kula na kulala kabisa, apelekwe haraka kwa daktari. Mshauri wa kijijini ana mipaka yake, na kuijua mipaka hiyo ni sehemu ya ubora.

Tahadhari kuhusu takwimu

Hata hivyo takwimu zikitumiwa vibaya huharibu. Mshauri akijua kwamba mshahara wake unategemea waliopona, ataanza kuwachagua wenye shida nyepesi, au kumsukuma mteja aseme amepona. Alama zitumike kujifunza, zisitumike kuadhibu.

Tena tusidai sifa isiyo yetu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 uliwahusu watoto 640 waliofiwa na mzazi, wenye umri wa miaka 7 hadi 13, huko Moshi nchini Tanzania na Bungoma nchini Kenya, mijini na vijijini. Washauri walikuwa watu wa kawaida waliofundishwa, na tiba ilikuwa ya vikundi kwa wiki 12. Mwishoni mwa tiba, watoto waliopewa tiba hiyo walipata nafuu kuliko wenzao katika sehemu tatu kati ya nne. Katika sehemu ya nne haikuonekana tofauti kubwa. Lugha, washauri wa namna moja, mwongozo mmoja, na bado matokeo hayakuwa sawa. Ndiyo maana kila zahanati inapaswa kujipima yenyewe, isitegemee sifa za mahali pengine.

Tunachoomba

Kwa kamati za parokia: kuanzia robo ijayo, pokeeni taarifa yenye mistari minne. Wangapi walianza tiba, wangapi walimaliza, wangapi alama zao zilishuka kwa 5 au zaidi, wangapi waliacha au walizidiwa, na zahanati ilifanya nini juu yao. Mstari wa nne ndio wa kuzungumziwa kwa muda mrefu zaidi kikaoni.

Kwa wafadhili: msishtuke idadi ya mahudhurio ikipungua. Zahanati ikianza kuwamaliza watu wake itawapokea wapya wachache, na hiyo inaweza kuwa dalili njema. Wekeni fungu la usimamizi katika kila mradi, kwa miaka yote ya mradi. Na zahanati inapoandika kwa ukweli kwamba watu wake kadhaa hawakupata nafuu, msiinyime fedha kwa ajili hiyo. Ulizeni inahitaji nini.

Anayekuja kwetu akiwa na moyo mzito amefanya kazi kubwa kufika hapo. Ametafuta nauli, ameficha safari yake kwa jirani, amekaa kwenye kiti mbele ya mtu asiyemjua. Anastahili kuulizwa wiki ijayo kama amelala usingizi, na asipokuja, anastahili mtu wa kugundua kwamba hakuja.